Safari za masomo nje ya nchi: ulizeni kabla ya kutoa amana

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wanafunzi wa vyuo vikuu, wazazi wao na, kwa heshima zote, wahadhiri wanaotangaza safari za masomo nje ya nchi. Sisi ni waratibu wa safari hizo. Kila tangazo jipya linapobandikwa, maswali mawili huja mbio: ni kiasi gani, na tunakwenda wapi? Maswali yanayoamua kama mwanafunzi atapanda ndege au atabaki anadai fedha zake huja baadaye, amana ikiwa imeshalipwa na majina yameshapelekwa kwa wakala wa tiketi.

Swali la kwanza linapaswa kuwa hili: kisheria, safari hii ni ya aina gani? Kuna ziara ya wiki mbili ambamo kundi linatembelea maabara, mahakama na makumbusho likiwa na mhadhiri wake. Kuna kozi fupi ya likizo inayofundishwa na chuo mwenyeji na kutolewa alama. Kuna mafunzo kwa vitendo ambapo mwanafunzi anavaa koti jeupe na kuingia wodini. Kwenye tangazo zote huitwa safari ya masomo, lakini ubalozini kila moja inaombewa kivyake. Marekani haimruhusu mwenye viza ya mgeni kusoma kozi inayohesabiwa kwenye shahada; anayefuata krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kwenye shahada, huko anahitaji viza ya mwanafunzi, na hawezi kuiomba kabla chuo mwenyeji hakijamtolea fomu yake. Uingereza inamruhusu mgeni kusoma hadi miezi 6 katika taasisi inayotambuliwa, na mwanafunzi wa udaktari au uuguzi anaweza kwenda kwa mafunzo yanayohusiana na kozi yake mradi halipwi na hatibu wagonjwa. Nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, ambazo sasa ni 29, hutoa viza ya muda mfupi isiyozidi siku 90 katika kila kipindi cha siku 180. Ukizidi hapo unaomba viza ya muda mrefu ya nchi unayokwenda, na nyaraka zake ni nyingine kabisa.

Ndiyo maana barua ya chuo isiishie kusema mwanafunzi "anakwenda kujifunza". Itaje kozi, tarehe, mhadhiri anayeongoza, nani anagharamia nini, krediti zinatolewa na chuo kipi, na kwamba hakuna ujira. Barua ya namna hiyo huokoa hata fedha. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, lakini kanuni za viza hizo zinawasamehe wanafunzi na walimu wanaofuatana nao katika safari ya masomo. Wengi hulipa kwa sababu barua yao inasomeka kama ya watalii, au kwa sababu hakuna aliyefungua mdomo dirishani. Gharama ya huduma ya kituo kinachopokea maombi hubaki palepale. Hiyo msamaha hauigusi.

Baada ya hapo, kalenda. Ihesabiwe kinyumenyume kuanzia siku ya ndege, kwa sababu tarehe zote za lazima zinaning'inia hapo. Pasipoti inayopelekwa kuombewa viza ya Schengen iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka, na kurasa 2 tupu. Nchi nyingine nyingi zinataka uhai wa miezi 6, na shirika la ndege likiona pungufu litakurudisha pale pale kwenye kaunta. Pasipoti mpya inaweza kuchelewa, kwa hiyo anayesubiri "nikishachaguliwa ndipo niombe" amekwisha kula muda wa viza.

Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, ila ubalozi una haki ya kuusogeza hadi siku 45. Kinacholiza makundi hata hivyo si siku hizo, ni nafasi ya miadi. Alama za vidole hutolewa na kila mtu mwenyewe, na kundi la watu 25 haliwezi kutegemea kupata asubuhi moja. Aliyetoa alama hizo kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita huenda asizitoe tena, basi wakusanyeni hao mapema wajulikane.

Safari inayopita Uingereza kisha bara la Ulaya ina mtego wake. Viza ni mbili, pasipoti ni moja, na ikiwa ndani ya ubalozi mmoja mara nyingi haiwezi kuwa kwingine. Uingereza hupokea maombi ya mgeni kuanzia miezi 3 tu kabla ya safari, na uamuzi wa kawaida huchukua kama wiki 3 baada ya alama za vidole. Kwa kuwa dirisha la Schengen linafunguka miezi 3 kabla ya hilo, tunashauri Schengen itangulie. Wanaofanya kinyume hujikuta na wiki chache za mwisho na pasipoti isiyopatikana.

Na ombi la Schengen lipelekwe wapi? Katika ubalozi wa nchi utakakokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, nchi utakayoingia kwanza. Mhadhiri akibadilisha ratiba katikati, usiku 5 Italia ukawa 3 na Ujerumani ukapanda kuwa 6, ubalozi uliopokea faili si wenyewe tena. Ratiba ifungwe kabla ya miadi. Anayetaka kuongeza mji mmoja wa kupendeza baada ya hapo aambiwe hapana.

Viza ikitoka, isomwe palepale kabla ya kuondoka dirishani. Kwenye stika ya Schengen kuna tarehe mbili, ya kuanzia na ya mwisho, kisha chini yake idadi ya kuingia na idadi ya siku. Wengi husoma tarehe mbili za juu na kuridhika. Inaweza kuandikwa kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 30, lakini siku zikawa 14. Maana yake una siku 14 tu za kukaa, utakazozitumia mahali popote ndani ya dirisha hilo la siku 30. Siku ya kuingia inahesabiwa na siku ya kutoka inahesabiwa. Ndege inayotua saa 5 usiku imekwisha kula siku nzima. Penye idadi ya kuingia, ukiona 01 na ratiba yenu inatoka Paris kwenda London na kurudi Brussels, hamtaingia Brussels. Jina, namba ya pasipoti na tarehe ya kuzaliwa navyo vikaguliwe herufi kwa herufi, kwa sababu kosa la ofisi likigunduliwa dirishani linarekebishwa na ofisi. Likigunduliwa uwanja wa ndege ni mzigo wako. Tangu Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza kusajili kuingia na kutoka kwa wageni kwa mfumo wa elektroniki, hivyo siku ya ziada haisubiri tena jicho la ofisa anayehesabu mihuri.

Kuhusu majina hatutachoka kusema. Tiketi, bima, barua ya chuo na taarifa ya benki vifuate mistari miwili ya herufi na alama iliyo chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti. Si cheti cha shule, si kitambulisho cha chuo, si jina ulilozoea. Kama cheti kina majina mawili na pasipoti matatu, tayarisha kiapo mapema. Mratibu anayekusanya majina kwa ujumbe wa simu anajitafutia balaa; akusanye picha ya ukurasa wenyewe.

Tena orodha iwe na safu ya uraia. Mhadhiri husimama darasani akatangaza kwamba nchi fulani haihitaji viza, akiwa anafikiria pasipoti yake. Darasani kuna mwanafunzi mwenye uraia mwingine, na pengine mkimbizi mwenye hati ya kusafiria badala ya pasipoti. Kwao masharti yanaweza kuwa mbali kabisa, na hata kupita tu uwanja wa kuunganisha ndege kunaweza kudai viza. Ukitua Heathrow na ndege ya pili ikaondokea Gatwick, uwanja mwingine wa London, huna budi kupita uhamiaji na kuchukua mzigo.

Sasa fedha, ambako ndiko ugomvi mwingi huzaliwa. Kabla ya kutoa amana, omba karatasi iliyosainiwa inayojibu mambo haya. Bei inajumuisha nini na haijumuishi nini: viza, bima, chakula cha mchana, usafiri wa mjini, viingilio, mzigo wa kupakia? Bei imepigwa kwa kiwango gani cha kubadilisha fedha, na kikipanda tofauti analipa nani? Safari inahitaji watu wangapi ili ifanyike, na wasipotimia uamuzi unatolewa lini? Mwanafunzi akijitoa, anarudishiwa nini kwa kila hatua? Na hili la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote: akinyimwa viza, anahesabiwa amejitoa mwenyewe?

Tunalisisitiza hilo kwa sababu mtiririko wa malipo haufuati mtiririko wa viza. Hoteli na shirika la ndege hutaka fedha mapema, ubalozi hujibu mwishoni. Bila kifungu cha kunyimwa viza, mwanafunzi anaweza kukosa safari na kulipa gharama yake karibu yote. Chuo kinachojali huandika kwamba aliyenyimwa viza baada ya kuwasilisha nyaraka kamili kwa wakati atarudishiwa kila ambacho hakijalipwa kwa mtu wa tatu, na huonyesha risiti za vilivyolipwa. Hapo hakuna wa kunung'unika. Chuo kinachosema "tutaona wakati huo" kisipewe amana.

Tiketi ya kundi nayo ina masharti yake. Ni nafuu, lakini majina yana siku ya mwisho, na mtu mmoja kwa kawaida hawezi kubadilisha tarehe peke yake. Asiyepanda kipande cha kwanza hufutiwa vilivyobaki, kwa hiyo usijidanganye kwamba utatangulia kwa basi na kuungana na wenzako njiani. Anayetaka kubaki siku chache baada ya safari kumtembelea ndugu aseme kabla tiketi hazijakatwa, na siku hizo aziingize kwenye viza na kwenye bima pia.

Taarifa ya benki haihitaji kuwa nene, inahitaji kueleweka. Akaunti iliyolala miezi mitano kisha ikapokea fungu kubwa juzi inamwambia ofisa kwamba fedha zimeazimwa. Kama mzazi ndiye mfadhili, peleka taarifa yake, barua yake, na uthibitisho wa undugu. Akiuza kiwanja ili kukusafirisha, ambatisha mkataba wa mauzo. Nyaraka zinazokwenda Uingereza zisipokuwa kwa Kiingereza au Kiwelshi ziambatane na tafsiri iliyothibitishwa.

Bima ya Schengen lazima ifike angalau euro 30,000, ihusu nchi zote za eneo hilo, na igharimie matibabu ya dharura pamoja na kurudishwa nyumbani, hata kwa maiti. Hicho ndicho ubalozi unachokagua. Kinachokuhusu wewe kiko kurasa za nyuma: magonjwa uliyokuwa nayo kabla, ujauzito, kupanda pikipiki, michezo ya hatari, na kiasi cha kwanza cha kila dai ambacho utajilipia. Kampuni nyingi zinataka ipigwe simu yao ya dharura kabla ya kulazwa. Ukitibiwa kwanza na kupiga baadaye, dai linaweza kukataliwa ingawa ugonjwa ulikuwa halali. Namba hiyo iandikwe kwenye karatasi, maana simu ndicho kitu cha kwanza kuibiwa au kuzima. Tarehe za bima zipite siku ya kurudi kwa siku kadhaa, ndege zikichelewa.

Cheti cha homa ya manjano huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa kwisha baada ya miaka 10. Aliyechanjwa siku tatu kabla ya ndege bado hana cheti halali. Dawa zibaki kwenye paketi zake, ziwe begi la mkononi, na cheti cha daktari kitaje jina la dawa yenyewe badala ya la kibiashara. Dawa ya kawaida kwenu inaweza kuwa kosa la jinai kwingine: Japani inazuia dawa za mafua zenye pseudoefedrini nyingi, na Umoja wa Falme za Kiarabu unataka kibali cha mapema kwa dawa zinazodhibitiwa. Kwa Japani, dawa za daktari zinazozidi matumizi ya mwezi mmoja huombewa hati kabla ya kusafiri.

Mzigo tuupite haraka. Betri za akiba za kuchajia simu haziruhusiwi kwenye mzigo unaopakiwa. Ziende mkononi, zisizidi wati-saa 100. Kama imeandikwa miliampea-saa tu, zidisha kwa 3.7 kisha gawa kwa 1,000: yenye 20,000 ni wati-saa 74, inapita. Chaja iliyoandikwa volti 100 hadi 240 inafaa popote kwa kubadilisha plagi tu, lakini pasi ya nywele ya volti 230 haitapata moto Marekani kwenye volti 120. Mzigo usipoonekana, toa taarifa na uchukue namba ya dai kabla ya kutoka ukumbi wa mizigo. Chini ya Mkataba wa Montreal, unaohusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo, malalamiko ya maandishi kuhusu mzigo ulioharibika yafike ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya uliochelewa ndani ya siku 21.

Tumeacha krediti hadi sasa, ingawa kwa anayekaribia kuhitimu ndizo zinazouma zaidi. Krediti za mfumo wa Ulaya ni 60 kwa mwaka wa masomo, na kila moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, ikiwemo kujisomea. Zitaingiaje kwenye rekodi yako: kama somo la lazima, la hiari, au mstari tu usio na alama? Makubaliano yasainiwe na mkuu wa idara kabla ya kuondoka, yakitaja somo la huko na somo la hapa linaloondolewa. Ofisi ya msajili haikumbuki ahadi ya kwenye korido. Hifadhi muhtasari wa kozi, ratiba ya vipindi na kazi zilizosahihishwa, kwani matokeo rasmi ya chuo mwenyeji yanaweza kuja miezi baada ya safari, na mara nyingine hubidi uyaombe mwenyewe.

Wanafunzi wa sayansi wana la ziada. Mfuko wa udongo, mbegu au mmea mkavu uliobanwa ndani ya daftari unaweza kutaifishwa mpakani na kuleta faini. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inazipa nchi msingi wa kudai kibali kwa rasilimali za kijenetiki, kama mbegu na mimea, zinazochukuliwa kwa utafiti. Wanaohoji watu nao waulize kuhusu kibali cha maadili cha nchi mwenyeji, si cha chuo chao pekee.

Mpakani, barua ya mwaliko, anwani ya malazi na tiketi ya kurudi viwe mkononi, visiwe kwenye mzigo uliopakiwa wala kwenye simu ya kiongozi aliyetangulia foleni. Jibu unachoulizwa, kwa ufupi, na majibu ya kundi zima yalingane na barua moja. Wenzetu wanaojibu kwa mzaha wameshawahi kuwaweka watu 20 kwenye viti kwa saa nyingi.

Kwa vyuo, ombi letu ni dogo. Tangazo litoke angalau miezi 8 kabla ya safari, na masharti ya kurudishiwa fedha, hasa kwa aliyenyimwa viza, yachapwe kwenye ukurasa uleule wenye bei.

Waratibu wa safari za masomo